Foklifti Ilitangulia, Shule Ikachelewa

Mwaka 1917, katika mji mdogo wa Buchanan, jimbo la Michigan nchini Marekani, kampuni ya Clark ilikuwa ikitengeneza ekseli za magari. Mchanga na vyuma vya kusubu vilikuwa vikihamishwa kutoka jengo moja hadi jingine siku nzima, na mafundi wa kiwandani hapo wakajiundia kigari cha petroli chenye magurudumu matatu, wakakiita Tructractor. Hakikuundwa kiuzwe. Lakini wateja waliofika kuagiza ekseli walikiona kikikatiza uani na shehena mgongoni, wakaanza kuuliza bei ya kigari badala ya bei ya ekseli. Mwaka 1918 viliundwa vinane. Mwaka uliofuata vikapita 75.

Kigari hicho kilibeba, hakikuinua. Kuhusu nani alitangulia kuinua, kila kampuni ina hadithi yake na kila hadithi ina wateja wake. Shirika la reli la Pennsylvania lilikuwa tayari linatumia mikokoteni ya betri kuhamisha mizigo ya abiria huko Altoona mwaka 1906. Mjini Ipswich, Uingereza, kampuni ya Ransomes, Sims & Jefferies, iliyojulikana kwa plau, iliingia katika biashara hiyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wabebaji walipokuwa wamepelekwa vitani. Ila mashine ambayo mtu wa leo angeitambua mara moja ilitoka kwa Yale & Towne mwaka 1923: ya umeme, yenye uma wa chuma mbele na mlingoti wa kuupandisha. Ndiyo Yale ileile ya kufuli, ambayo jina lake limegongwa kwenye milango mingi kuanzia Unguja hadi Kisumu.

Katika hadithi zote hizo kuna jambo moja lisilotajwa: nani ataendesha, na atafundishwa na nani. Jibu la enzi hizo lilikuwa jepesi. Anayejua gari ataendesha; asiyejua atamwangalia mwenzake, naye atajua. Kwa jibu hilo mashine ilienea dunia nzima, na ilichukua takriban miaka 80 kabla serikali hazijaandika kwa kirefu kwamba jibu hilo halitoshi.

Mwanzoni foklifti yenyewe haikuwa na kazi nyingi. Uma hauwezi kushika gunia moja moja wala katoni iliyotupwa sakafuni. Kilichoipa maisha ni paleti, chaga la mbao ambalo juu yake mzigo hupangwa mara moja na kuhamishwa ukiwa hivyo hivyo hadi mwisho wa safari. Mfano unaorudiwa sana na wanahistoria wa biashara hii ni wa mwaka 1931: behewa la reli lenye katoni 13,000 za vyakula vya makopo lilihitaji siku tatu kupakuliwa kwa mikono, na shehena kama hiyo ikiwa juu ya paleti ilimalizika kwa saa nne.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Marekani lilikuwa na shehena ya kupeleka pande zote za dunia, na foklifti na paleti zikasafiri nayo. Norman Cahners, afisa wa jeshi la majini, ndiye anayetajwa kwa paleti inayoingilika uma kutoka pande zote nne, badala ya mbili tu. Maghalani nchini Marekani wanawake wengi walishika usukani wa foklifti, kwa kuwa wanaume walikuwa mstari wa mbele. Vita vilipokwisha, Wamarekani waliacha Australia vifaa vingi vya kuhamishia mizigo, na serikali ya huko ikaviundia shirika la kuvikodisha, CHEP, ambalo mwaka 1958 liliuzwa kwa kampuni ya Brambles. Paleti za buluu za CHEP zinazoonekana leo katika maduka makubwa ya nchi nyingi ni mabaki ya bohari za kijeshi yaliyojua kufanya biashara.

Amani ikaleta maghala marefu. Ardhi ya mjini ni ghali, hewa ya juu yake ni bure, basi rafu zikapanda na milingoti ikarefuka ili izifikie. Hapo ndipo mashine ilipoanza kuonyesha tabia ambayo mwenye leseni ya gari hakuwa ameambiwa.

Foklifti ina usukani, kiti na pedali, kwa hiyo mtu huidhani gari. Lakini magurudumu yanayokata kona yako nyuma. Dereva anapopinda kuingia kati ya rafu mbili, mbele ya mashine hugeuka taratibu huku nyuma yake ikifagia upande wa pili kwa upana, na aliyesimama hapo akiamini amepishwa ndiye hubanwa ukutani. Kwa kawaida breki hushika magurudumu ya mbele peke yake. Foklifti ya kuinua tani 2.5 ina uzito wake wa tani tatu na nusu hadi nne, kwa sababu nyuma limepachikwa pande kubwa la chuma la kusawazisha kilichobebwa mbele. Hesabu yake ni ya mizani: magurudumu ya mbele ndiyo mhimili, mzigo uko upande huu, chuma upande ule.

Kibao kidogo kilichogongelewa karibu na usukani hueleza mipaka ya mizani hiyo. Kikiandika kilo 2,500 kwa milimita 500, maana yake uzito huo unaruhusiwa ikiwa katikati ya mzigo hapazidi nusu mita kutoka mahali uma unapopinda kupanda juu. Mzigo ukiwa mrefu na katikati yake pakafika milimita 700, mashine ileile huenda isiweze zaidi ya kilo 2,000 na ushei. Asiyefundishwa hukiona kibao hicho kama bati la jina la kampuni. Ndiyo maana kuna mchezo unaojulikana katika maghala ya mabara yote: nyuma ya foklifti ikianza kunyanyuka, vijana wawili watatu hurukia nyuma yake waongeze uzito, kazi iende. Mizani hukubali kwa dakika moja. Mzigo ukiteleza, nyuma hushuka kwa kishindo pamoja nao.

Kuna na hesabu ya pembetatu. Ingawa foklifti nyingi zina magurudumu manne, ekseli ya nyuma imeshikwa katikati kwa pini moja ili iweze kuchezacheza kwenye sakafu isiyo sawa. Kwa hiyo mashine hujishikiza kwenye nukta tatu: gurudumu la mbele kulia, la mbele kushoto, na pini ile. Kitovu cha uzito wa mashine na mzigo kikibaki ndani ya pembetatu hiyo, iko salama. Uma ukipandishwa juu huku mashine inakata kona, kitovu hicho kinaweza kutoka nje ya mstari na mashine ikalala ubavu, hata kama haina mzigo wowote na mwendo si mkubwa. Dereva wa gari ataamini kwamba gari tupu ndilo salama zaidi. Kwenye foklifti imani hiyo ni hatari, kwa maana bila mzigo mbele, pande la chuma lililo nyuma halina cha kulisawazisha.

Kinachoua zaidi katika ajali ya namna hiyo ni kuruka. Silika ya mtu anayeona chombo kinapinduka ni kukimbia upande kinakoelekea, na huko ndiko paa la chuma la kumkinga dereva linakotua. Mkufunzi hulazimika kupigana na silika: funga mkanda, kaa kitini, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande ulio kinyume na unakoangukia. Hakuna mtu aliyewahi kujifunza hayo kwa kumwangalia mwenzake akihamisha katoni.

Kabla ya mashine hiyo kufika pwani ya Afrika Mashariki, mzigo ulikuwa wa mabega kwa karne nyingi. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu, kila mmoja na frasila zake mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, kwa miezi. Reli ilipoua misafara, mabega yalihamia bandarini. Kuli wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja alibeba kile ambacho dunia ya wakati huo ilihitaji: magunia ya kahawa na karafuu, marobota ya katani ambayo kila moja lilifika kilo 250 na kulazimu gangi nzima kulisukuma hadi chini ya winchi. Aliitwa asubuhi, alilipwa kwa siku, na meli isipoingia hakulipwa.

Historia ya watu hao imeandikwa zaidi kwa migomo. Makuli wa Mombasa na wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi walisimamisha Mombasa yote, na mwaka huohuo mgomo wa bandari ya Dar es Salaam ukapanda na reli kwenda bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja, na kutokana na mgomo huo Adam Shafi akapata mada ya riwaya yake Kuli, iliyotolewa mwaka 1979. Madai yalikuwa mshahara, nyumba, bei za vyakula.

Usalama haukupata nafasi kubwa katika madai hayo, lakini jibu la serikali ya kikoloni liliugusa bila kukusudia. Baada ya 1947 watawala waliona kwamba umati wa vibarua wasio na mwajiri wa kudumu ndio moto wenyewe. Wakaanza kuwasajili makuli, kupunguza idadi yao na kuwapa kazi ya kudumu, mchakato ambao mwanahistoria Frederick Cooper ameufuatilia kwa undani katika kitabu chake juu ya bandari ya Mombasa, kilichochapishwa mwaka 1987. Hilo ndilo lililofungua mlango wa mafunzo, kwa sababu kibarua wa siku hafundishwi. Hakuna mwajiri atakayetumia wiki mbili kumfundisha mtu ambaye kesho huenda yuko geti la jirani. Foklifti na kreni za magurudumu zilizoingia magatini katika miaka ya baada ya vita zilimkuta kuli anageuka kuwa mwajiriwa mwenye namba, na baadhi ya wenye namba wakawa maopereta. Pale ambapo ukibarua uliendelea, yaani kwenye maghala ya watu binafsi, viwanda vidogo na maduka ya jumla, foklifti iliendelea kufundishwa kwa macho.

Sheria za wakati huo hazikusaidia sana. Tanganyika na Kenya zote zilipata sheria ya viwanda mwaka 1950, zikiwa zimeshonwa kwa kitambaa cha Kiingereza. Zilizungumzia boila, mikanda ya mitambo, minyororo na kreni. Ziliandikwa na watu waliokuwa wakiitazama mashine iliyosimama mahali pamoja huku mtu akipita kando yake. Mashine inayotembea katikati ya watu, ikiongozwa na mtu aliyejifunza juzi, haikuwa ndiyo hofu yao kubwa.

Kisha likaja kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, nchini Marekani, ikiwa na makontena 58 ya mfanyabiashara Malcom McLean. Hesabu zake zilionyesha kwamba kupakia tani moja ya mzigo huru kuligharimu dola 5.86, na kwa kontena ni senti 16. Ndani ya miaka 25 makontena yalikuwa yamebadilisha bandari zote, zikiwemo za hapa, na Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa 1973 juu ya athari za mbinu mpya za kupakia na kupakua kwa makuli, halafu ule wa 1979 juu ya usalama na afya yao. Wengi walidhani kontena litaiondoa foklifti. Likaiongezea kazi. Kontena lazima lijazwe na litolewe vitu, na ndani ya chumba kile cha chuma foklifti ndogo huingia na kutoka kwa rampu ya kupandia, giza mbele, moshi nyuma. Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1984, iliihamisha kazi hiyo kilomita mia kadhaa kutoka baharini.

Wakati huo Marekani ilikuwa na sheria ya foklifti iliyotoka mwaka 1971, mara tu wakala wake wa usalama kazini ulipoanza kazi. Kuhusu mafunzo ilisema mambo mawili kwa ufupi: mashine iendeshwe na aliyefundishwa na kuruhusiwa, na mwajiri abuni njia ya kufundisha. Njia gani, kwa muda gani, nani apime, haikusema. Mwajiri aliyemkabidhi kijana ufunguo na kumwambia "angalia kwa mwenzako" angeweza kudai kwamba hiyo nayo ni njia. Hali ilidumu hivyo kwa miaka 27.

Waingereza walitangulia kidogo. Mwaka 1988 walitoa mwongozo maalumu wa kuwafundisha maopereta wa foklifti, na mpangilio wake wa hatua tatu umeigwa mahali pengi: kwanza mashine yenyewe na sheria zake, kisha kazi mahususi atakayoifanya mtu huyo, mwishowe kuzoezwa pale kazini chini ya uangalizi. Mwongozo huo ulivunja dhana kwamba kujua foklifti moja ni kujua zote. Mtu aliyefundishwa mashine ya kawaida ya uani anapopandishwa ile ya kusimama, inayochomoa uma kati ya rafu nyembamba, ni mwanafunzi upya.

Kisha, kwa sadfa, wiki moja ya Desemba 1998 ikaleta mengi kwa pamoja. Tarehe 1 Marekani ilitangaza kanuni mpya ya mafunzo ya maopereta. Tarehe 5 Uingereza ikaanza kutumia kanuni mbili, moja juu ya vifaa vya kazi na mafunzo ya wanaovitumia, nyingine juu ya ukaguzi wa mitambo ya kuinulia. Wakala wa Marekani ulikuwa umekadiria kwamba foklifti zinaua watu wapatao 85 kila mwaka nchini humo na kujeruhi vibaya karibu 34,900. Kanuni yake ilidai darasa, mazoezi na mtihani, tena mtihani wa kazini, si wa karatasi peke yake. Opereta apimwe upya angalau kila miaka mitatu. Na arudishwe darasani akipata ajali, akinusurika, akionekana anaendesha ovyo, au akibadilishiwa mashine au mazingira. Sheria nyingine ya nchi hiyo inamzuia kijana wa chini ya miaka 18.

Siku ya kwanza ya mafunzo yanayofuata utaratibu huo, mwanafunzi haendeshi. Anazunguka mashine iliyozimwa. Anapapasa kisigino cha uma, mahali unapopinda, akitafuta ufa. Anaangalia minyororo ya mlingoti kama imelegea upande mmoja, chini ya mashine kama haidroliki imedondosha, matairi, honi, mkanda. Ikiwa ni ya betri, anaambiwa kwa nini asichaji chumba kikiwa kimefungwa na kwa nini asiwashe kiberiti hapo: betri ya risasi na asidi inapochaji hutoa haidrojeni. Ikiwa ya dizeli au gesi, anaambiwa kuhusu moshi ndani ya ghala.

Baadaye ndipo huja paleti. Simama sawa mbele yake. Nyoosha uma, ingiza mpaka mwisho, inua kidogo, laza mlingoti nyuma. Tazama nyuma, mabega yote mawili. Toka. Teremsha mzigo mpaka sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, halafu ndipo uende. Mzigo ukiziba macho, endesha kinyumenyume. Kwenye mteremko, mzigo uelekee juu daima, ama unapanda ama unashuka. Wanafunzi wengi wenye leseni za lori hukasirishwa na sehemu hiyo, kwa sababu ndio wenye mazoea mengi ya kuacha.

Wajerumani, wenye sifa ya kutocheka kazini, walilishughulikia somo hili kwa njia yao. Mwaka 2000 ilitoka filamu fupi, Staplerfahrer Klaus, inayoigiza filamu za mafunzo: Klaus amepata cheti cha foklifti asubuhi hiyo, na kila kosa la kitabuni linatokea kwa damu nyingi kupita kiasi. Ilitengenezwa kwa mzaha, lakini wakufunzi wa nchi kadhaa huionyesha darasani, na mwanafunzi aliyesinzia wakati wa somo la pembetatu huwa macho.

Afrika Mashariki sheria mpya zilifuata baada ya mwaka 2000. Tanzania ilianzisha wakala wake wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA, mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2003 ikachukua nafasi ya ile ya 1950. Kenya ilipitisha yake mwaka 2007. Zote mbili zinamtwisha mwajiri wajibu wa kutoa maelekezo, mafunzo na usimamizi, wala hazimwachii mfanyakazi ajitafutie. Bandari zina vyuo vyao, kimoja Dar es Salaam na kingine Mombasa, ambacho sasa kinaitwa Bandari Maritime Academy, na humo uendeshaji wa mitambo ya kuhamisha mizigo ni somo lenye mitihani.

Mashine nazo zimejifunza kidogo. Tangu miaka ya 1980 viti vimekuwa na mbawa na mikanda ya kumzuia dereva asirushwe nje. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Toyota, iliyouza foklifti yake ya kwanza mwaka 1956, ilianza kuweka mfumo unaoifunga ekseli ya nyuma mashine inapokata kona kwa hatari, ili pembetatu igeuke mstatili kwa sekunde chache. Siku hizi baadhi hutupa duara la taa ya buluu sakafuni mita chache mbele au nyuma, anayetokea kwenye kona alione kabla hajaiona mashine.

Foklifti nyingi zinazoinua mizigo Afrika Mashariki, hata hivyo, ziliingia mitumba, kutoka Japani na Ulaya, na kibao cha uzito kikiwa kimeandikwa kwa lugha ambayo opereta hasomi, au kimeng'oka zamani. Kuchonga kibao kipya hakugharimu kama tairi moja. Kwenye ghala la mfanyabiashara wa saruji au mchele, ambako mashine ni moja na madereva ni yeyote aliyepo, bado kazi huanza kwa ufunguo na maneno mawili matatu kutoka kwa aliyetangulia, kama ilivyoanza Buchanan.